Blanketi la Chui Milia

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa
kilibakiwa na fedha kidogo baada ya gawio.
Mama Chilewa akasema, tusigawane hizi,
twendeni Swagaswaga tukatazame wanyama,
kila siku tunapishana na wageni wenye kofia
waliotoka mbali kuja kuona vya kwetu.

Nyemo hakulala.
Saa kumi na moja alfajiri, Noah inaunguruma mlangoni,
akatoka na viatu vya shule, cha kulia kushoto,
na blanketi kifuani.
Joto lote hili, blanketi la nini?
"Namletea picha yake," akasema.

Nililikopa sokoni Majengo kwa wiki tatu,
ule mwaka baridi ya Julai ilipasua midomo:
chui mwenye milia, jicho la kijani,
ulimi mwekundu kuliko pilipili.
Miaka mitatu mtoto analala chini ya tumbo lake.
Amemkojolea, wamesameheana.

Haneti. Chemba. Lami ikaisha, vumbi likatupokea.
Mayai ya kuchemsha, chumvi katika karatasi ya daftari
yenye hesabu za mtu, mbili amekosa.

Askari wa wanyamapori aliitwa Ndahani.
Buti lake la kushoto limeshonwa kwa waya,
bunduki ameiegesha begani
kama jembe la mtu anayerudi nyumbani.

Tuliona tandala wawili:
waligeuka mara moja wakawa miti.
Tuliona ngiri na wanawe, mikia juu kama antena.
Tuliona mavi ya tembo, bado yanafuka.
Basi.
Mama Chilewa, mweka hazina, akapiga hesabu kwa sauti:
elfu ishirini na tano kwa kichwa, jamani,
kuja kuona mavi!
Tukacheka mpaka kanga wakakimbia kichakani.

Nyemo hakucheka.
Alikuwa amelitandaza blanketi dirishani, uso nje,
amelishika kwenye masikio ya mnyama,
ili wenzake wamtambue.

"Huyu anakaa wapi?" akamuuliza Ndahani.

Nilimkazia macho yule askari. Nilimwomba kwa macho.
Akavua kofia, akaitazama ile sura
kama anayekagua kitambulisho.
"Huyu hayupo hapa, mjukuu. Ruaha hayupo, Serengeti hayupo.
Kwao ni ng'ambo ya maji. Sisi tuna yule mwenye madoa."
"Kwa hiyo amepotea?"

Nzi mmoja akalizunguka swali.
"Hapana," akasema Ndahani. "Amehamia tu.
Kama wizara."

Akatushusha kwenye mchanga wa mto mkavu.
Akachuchumaa, akanyoosha kidole bila kugusa:
vidole vinne, kiganja kimoja,
hakuna alama ya kucha.
Chui. Kapita kabla ya jua, wala hana haraka.
Wale wanawake wenye maneno, wote kimya,
mmoja ameshika yai nusu.
Nikahisi shingo yangu ikiwa na macho yake yenyewe.

Nyemo akashusha blanketi taratibu,
akaulaza mguu wa picha kando ya unyayo.
Wa picha ulikuwa mkubwa zaidi.
"Wa kwenu mwembamba," akamwambia askari,
na askari, bila kubisha,
"Ndiyo. Kwetu mvua ni chache."

Tulirudi Nkuhungu usiku, umeme umekatika.
Alilala amejifunika mpaka puani,
nikasikia akimnong'oneza mtu habari za mchanga.

Asubuhi nikalianika blanketi kwenye kamba.
Vumbi jekundu limejaa katika milia,
hasa kwenye ule mguu.
Nikachukua fimbo ya kukung'utia.
Jirani akapita, akanisalimia, akauliza mliona nini.
Nikamjibu, tumeona.

Fimbo nikairudisha ukutani.